Jumamosi Sita Nikisubiri Taulo

Nilikwenda kwa kinyozi Jumamosi sita mfululizo, na Jumamosi tano kati ya hizo nilirudi nyumbani na nywele zangu zote.

Sikufukuzwa. Ningefukuzwa ningeelewa. Nilikaribishwa vizuri, nikapewa kahawa, nikapewa biskuti, na wakati wa kuondoka nikapewa mkono. Kunyolewa tu ndiko nilikokosa.

Ngojeni niwasimulie. Atakayecheka acheke, hasira zangu zilishaisha. Karibu zote.

Nilikuwa nakaribia kumaliza mwaka wa tatu ughaibuni. Kazi yangu iko kwenye kiwanda kikubwa cha kufulia, tunafua vitu vya hoteli na hospitali. Mimi niko upande wa mataulo. Yanatoka kwenye kikaushio yakiwa ya moto, nayakunja, nayapanga, yanakuja mengine. Kwa siku nakunja mia nane, siku nyingine yanafika elfu.

Likumbukeni hilo la mataulo, tutalirudia.

Lugha ya watu wa huku naijua ya kazini. Bichi, kavu, kunja, haraka, bado, kesho. Hayo ndiyo maneno yangu. Ukiniweka kwenye mazungumzo ya watu wazima nabaki kutabasamu kama bwana harusi.

Zamani nilikuwa nanyolewa na mwenzangu wa chumba. Alikuwa na kimashine chake, ananipitishia dakika tano, kipara safi. Akapata kazi mji mwingine, akaondoka na kimashine chake, mimi nikabaki na kichwa changu. Miezi miwili ikapita. Nywele zikaota, ndevu zikaota, nikijitazama kwenye kioo namwona mjomba wangu yule aliyekimbiwa na wake wawili.

Nisingejali sana. Ila mke wangu na binti yetu walikuwa wanakuja.

Binti yangu namwita Chiriku, kwa sababu tangu ajue kusema hajanyamaza. Nilimwacha ana miaka mitatu, sasa ana sita. Kule walikokuwa wakiishi mtandao ulikuwa wa kubahatisha, sauti inapita, sura haipiti. Kwa hiyo baba yake alikuwa sauti ya kwenye simu na picha moja ya ukutani. Kwenye hiyo picha nina kipara kinachong'aa na shati jeupe.

Nikajiambia, mtoto akitoka pale uwanja wa ndege atamtafuta yule wa kwenye picha. Akikutana na jitu lenye manywele atajificha nyuma ya mama yake. Hilo lilinitisha kuliko karatasi zote za viza. Nilishakosa miaka mitatu ya mwanangu, sikutaka na siku ya kukutana aniogope.

Miezi miwili ya mwisho walihamia mjini kwa shangazi yake ili kufuatilia hizo viza, na kule mtandao ulikuwa mzuri. Mke wangu akaanza.

"Baba Chiriku, washa kamera basi tukuone."

"Imeharibika."

"Wiki iliyopita si ulisema ni nzima?"

"Ndiyo imeharibika wiki hii."

Nikajua hajaniamini. Lakini ningefanyaje, na mimi nilitaka mtoto anione nikiwa safi?

Saluni ya katikati ya mji nilijaribu. Dada wa pale alinishika nywele kwa vidole viwili, akasema hawana mashine ya nywele za namna hii. Nikashukuru nikatoka. Jamaa mmoja wa kazini ndiye aliyenielekeza kwa kinyozi wa mtaani, mtaa wa pili nyuma ya kiwanda chetu. Akasema, huyo ni mtu wa watu, ananyoa kila kichwa.

Basi Jumamosi ya kwanza nikaenda.

Chumba kidogo tu. Kioo kikubwa chenye ufa kwenye kona, kiti kimoja cha kunyolea, viti vya plastiki vimepangwa ukutani. Mlangoni pana rafu yenye rundo la mataulo meupe yaliyokunjwa. Na ukutani, juu ya viti, kimepita chuma kirefu kilichotundikwa mataulo matano sita.

Nikaingia kwa adabu zangu zote. Nikamsalimia mmoja mmoja kwa mkono, wazee kwa vijana. Kisha nikaenda kukaa kwenye benchi la dirishani, kule mwisho walipokaa wazee wawili, kwa sababu mgeni hajibanzi katikati ya wenyeji. Kinyozi, mtu mnene mwenye miwani kwenye paji la uso, akaacha kichwa cha watu akaniletea kahawa.

Nikasema moyoni, hapa nimefika.

Nikasubiri. Akaingia mtu, akachukua taulo kwenye rafu, akalitundika kwenye chuma, akakaa. Akaingia mwingine, hivyo hivyo. Kinyozi akimaliza mmoja anavuta taulo la mwanzo, analikung'uta, mwenyewe anasimama anakwenda kitini. Akishanyolewa anapigwa picha kwa simu akiwa na kinyozi, inawekwa kwenye ukurasa wa duka mtandaoni.

Nikaona, alaa, hawa ni wateja wa kudumu. Wana mataulo yao. Mimi mgeni nitapewa langu.

Nililelewa na bibi, na bibi yangu alikuwa na mwiko mmoja. Ukiingia kwa watu usiguse kitu mpaka upewe. Mkono uliotangulia ulikuwa unapigwa mwiko wa pili, ule wa kusongea ugali. Kwa hiyo nilikaa na mikono yangu mapajani nikisubiri kupewa taulo.

Saa saba mchana mataulo yakaisha kwenye chuma. Kinyozi akaanza kufagia. Akanipa mkono. "Karibu tena."

Nikatoka. Nikasimama nje nikajishika kichwa. Nywele zilikuwepo.

Jumamosi ya pili nikasema, leo sikubali. Kinyozi alipopita karibu yangu nikamshika mkono, nikazionyesha nywele zangu kwa kidole, nikamtolea macho.

Akashusha miwani. Akazitazama huku na huku, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Nzuri," akasema, na akaniongezea kahawa.

Jamani. Mtu unamwonyesha shida yako, anakusifia shida.

Jumamosi ya tatu mmoja wa wale wazee wa benchini, yule mfupi, akanisogelea, akatoa ubao wa dama. Akapanga kete bila kuniuliza. Akanifunga. Akapanga tena, akanifunga tena, anacheka kwa mabega bila sauti. Watu saba walinyolewa siku hiyo, mimi nilifungwa mara tisa.

Nikaanza kuhesabu mambo. Kwa nini wote wana mataulo isipokuwa mimi? Kwa nini benchi hili tunakaa mimi na mzee huyu na babu mwingine anayesinzia tu? Kwa nini kila anayeingia baada yangu ananipita? Na hii kahawa ni ya nini? Mtoto akilia anapewa peremende ili anyamaze. Nikaona wazi kuwa napewa peremende.

Iliniuma, siwafichi. Mimi ninayekunja mataulo elfu kwa siku, ninyimwe taulo moja? Na kibaya zaidi, lebo niliiona. Yale mataulo ya dukani yalikuwa yanafuliwa kwetu. Inawezekana kabisa kwamba nililikunja mwenyewe taulo la aliyenipita.

Katikati ya wiki nikanunua wembe nikajinyoa mwenyewe bafuni. Nilianzia nyuma ya sikio. Nikaishia hapo hapo nyuma ya sikio, kwa sababu damu ilikuwa mpaka kwenye kola.

Jumamosi ya nne nikaingia na kidonda changu. Kinyozi akakiona. Akaniinua, akanisogeza karibu na kioo, akakisafisha kwa dawa, akanibandika plasta taratibu huku akinipuliza. Alinishika kichwa kwa mikono yote miwili. Mkasi ulikuwa mfukoni mwake. Mashine ilikuwa inaning'inia pale.

Akanirudisha benchini.

Siku hiyo nilifika nyumbani nikafungua ukurasa wa lile duka, pale wateja wanapoandika maoni. Wote wamesifia. Huduma nzuri, mwenye duka mcheshi, unajisikia uko nyumbani. Nikaweka nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu hawaruhusu kuweka sifuri. Nikaandika kwa Kiswahili, maana hasira yangu haijui lugha nyingine. Nikaandika mambo ya taulo, ya plasta, ya watu saba na kufungwa mara tisa. Nikamalizia kwa kusema kwamba mgeni naye ana kichwa.

Nikamtumia mke wangu ili angalau mtu mmoja duniani anisomee. Kesho yake akapiga.

"Haya maoni au barua ya kuacha kazi?"

"Unacheka?"

"Sicheki." Alikuwa anacheka. Nyuma yake namsikia Chiriku naye anacheka. "Baba Chiriku, sikia, huku kwenye huo ukurasa wao kuna..."

"Sitaki kusikia habari za ukurasa wao. Mnafika baada ya wiki mbili, mimi niko hivi. Mwambie mtoto nitakuwa nimenyoa, nitakuwa kama kwenye picha ya ukutani."

"Si uje ulivyo tu? Mwenyewe anasema..."

"Nije nilivyo, kwani unajua nilivyo?"

Nikakata simu. Nilikata simu ya mke wangu kwa sababu ya kinyozi, oneni nilipofika. Na kila alipoirudia hiyo mada wiki ile nilimkatiza, nikidhani ananibembeleza.

Jumamosi ya tano nilikwenda tena. Mtauliza kwa nini. Kwanza, kwingine hakuna. Pili, niseme ukweli, dama ilikuwa imeninogea, na kwenye chumba changu hapakuwa na mtu wa kuniuliza umeshindaje. Lakini hilo la pili sikulikiri wakati ule. Nilimfunga mzee mara moja. Sikunyolewa.

Jumamosi ya sita ndiyo siku yenyewe. Ndege inatua saa tisa mchana. Saa mbili asubuhi niko mlangoni, naingia wa kwanza kabisa pamoja na kinyozi, na bado ilipofika saa nne mataulo yalikuwa saba kwenye chuma na mimi niko dirishani na kahawa.

Mzee akapanga kete.

Nikazitazama zile kete. Nikaona mwanangu anatoka mlango wa wanaowasili, ananitazama, anaanza kulia. Damu ikanipanda. Nikasimama, kahawa ikamwagika juu ya ubao wa dama, nikasema kwa lugha yao, kwa maneno yote niliyokuwa nayo.

"Bado! Jumamosi sita, bado! Mimi kichwa! Mtoto wangu, ndege, leo!"

Mashine ikazimwa. Watu wote wakanigeukia.

Kinyozi akashusha miwani. "Unataka kunyoa?"

Hapo ndipo nilipokaribia kulia mbele za watu. "Nataka. Kila Jumamosi nataka."

"Sasa taulo lako liko wapi?"

"Hujanipa."

Akautazama ule mlango, ile rafu, lile rundo. Kisha akasema polepole, ili nielewe.

"Ndugu yangu, hapa hapewi mtu. Unachukua mwenyewe, unatundika, hiyo ndiyo foleni. Asiyechukua hajaja kunyoa."

"Amekuja kufanya nini basi?"

Mzee wa dama ndiye aliyejibu, naye polepole na kwa ishara, huku anafuta kahawa kwa mkono wa koti. "Kukaa. Hili ni benchi la wanaokuja kukaa. Mimi mke wangu alifariki, nyumbani hapakaliki. Huyu babu anaishi peke yake. Wewe uliingia, ukatusalimia wote kwa mkono, ukaja moja kwa moja ukakaa na sisi. Tukasema, mwenzetu."

Kinyozi akaongeza, "Nilimwambia hadi mke wangu, kuna mgeni mmoja, nadhani hana mtu. Biskuti zile ni yeye anakuokea."

Aibu ilinishika, na nyuma ya aibu kulikuwa na kitu kingine, maana walikuwa hawajakosea. Miezi ile sikuwa na mtu.

Basi kinyozi akalichukua taulo kwenye rafu akanikabidhi mkononi. Nikalitundika mwisho, nyuma ya yale saba. Mwenye la mbele yangu akainuka, akalisogeza lake nyuma ya langu. Akafuata mwingine. Wakainuka wote saba, mmoja mmoja, mpaka langu likafika mwanzo.

Nikanyolewa. Nilinyolewa jamani, nikafumba macho. Nywele zilishuka mabegani kwa mafungu. Akanipitishia wembe, akanipaka mafuta, kipara kikang'aa kama cha ukutani, na ndevu zote chini.

Kisha kinyozi akauliza uwanja wa ndege nakwenda na nini. Nikasema basi. Akavua koti lake la kazi, akawaambia wenye mataulo warudi jioni, akachukua funguo za gari. Mtu niliyempa nyota moja.

Tukafika saa tisa kasorobo. Nikasimama mbele kabisa, shati jeupe, kipara, natabasamu mpaka mashavu yanauma. Kinyozi kasimama pembeni yangu na miwani yake kwenye paji la uso.

Mlango ukafunguka. Nikamwona mke wangu anasukuma toroli, na mbele yake katoto karefu karefu kanakotazama watu mmoja mmoja.

Chiriku akanitazama. Akanitazama kweli, sekunde nzima. Kisha macho yake yakanipita.

Yakaenda kwa kinyozi. Akachangamka uso wote, akaachia mkono wa mama yake, akamkimbilia. Akamshika suruali, akainua kichwa, akamuuliza kitu.

Kinyozi hakuelewa. Akanigeukia.

"Anasemaje?"

Ilibidi nimtafsirie. "Anakuuliza baba yake umemwacha wapi."

Mke wangu alikuwa ameshafika, machozi na kicheko vimemchanganyika. "Si nilitaka kukwambia, hukunipa nafasi. Siku ulipotuma yale maoni tuliufungua ukurasa wote. Kila anayenyolewa anapigwa picha na huyu kinyozi, na kila picha ya Jumamosi, nyuma kwenye kona, upo wewe. Umenuna. Kila siku anazirudia hizo picha amtafute baba yake. Kaanza kukuhesabu, amekuona mara thelathini na nne."

Nikakumbuka kicheko nyuma ya simu. Nikakumbuka "uje ulivyo." Mtoto alikuwa na baba wa kila siku, mwenye manywele na sura ya hasira, na mimi asubuhi ile ile ndiyo nimemnyoa nikamfuta.

Kinyozi akatoa simu, akamfungulia Chiriku picha ya mwisho. Akamwonyesha yule wa kwenye kona, kisha akanyoosha kidole kwangu. Mtoto akatazama simu, akanitazama mimi, akatazama simu.

Akaja karibu. Nikapiga magoti.

"Wewe ndiye baba?"

"Ndiye mimi."

Hakuamini. Akaniweka vidole kwenye midomo, akaivuta pembe zake chini.

"Hebu nuna," akasema.

Nikajaribu kununa. Nimenuna Jumamosi sita, kununa nakujua. Siku hiyo nikashindwa kabisa, midomo ikawa inacheza tu, mara machozi yakatoka.

Akanichunguza. "Hiyo hiyo," akasema, akanikumbatia shingoni.

Yale maoni bado yapo. Sikuyafuta, mke wangu amekataa, anasema Chiriku akijua kusoma vizuri atayasoma. Ila nyota niliongeza nne. Na Jumamosi tunakwenda wote. Chiriku anachukua taulo langu mlangoni bila kupewa na mtu, analitundika mwenyewe, halafu anakwenda dirishani kumfunga mzee dama.

Ninachotaka kuwaambia mlio ugenini, na hata mlio kwenu, ni hiki. Kuuliza si ujinga, hilo mnalijua toka shule. Mimi nililijua pia. Lakini mwenye hasira hakosi maneno, anakosa swali. Niliandika ukurasa mzima wa lawama, na kote mle hamkuwa na alama hata moja ya kuuliza.